Usiku wa Kwanza Baada ya Kupasuliwa Nyongo: Hospitali au Nyumbani?



Tumeletewa barua na kijana mmoja aishiye Uingereza pamoja na mama yake. Mama huyo amesumbuliwa muda mrefu na msokoto wa tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, na madaktari wameona kuwa ana vijiwe katika mfuko wa nyongo. Ameambiwa kuwa atapasuliwa kwa njia ya matundu madogo, na kwamba akiingia hospitali asubuhi, jioni ile ile atarudi kulala nyumbani kwake. Kijana akapiga simu Mombasa kuwapa habari mama zake wadogo, nao wamelipokea jambo hili kwa hasira. Wamemwambia: "Mtu apasuliwe tumbo leo, na leo hii atolewe nje? Huko si kuuguza, huko ni kumfukuza mgonjwa. Usikubali mama yako aondoke mpaka wamlaze." Basi kijana anatuuliza: je, akikubali mama yake arudi siku ile ile, atakuwa amempuuza mzazi wake, na hali ameamrishwa kumtendea wema?

Swali hili ni jema, kwani limetoka katika moyo wa huruma. Wala hasira ya mama hao tusiicheke. Wao wamekulia katika zama ambazo mtu aliyepasuliwa tumbo alilala hospitali siku nyingi, akatoka akitembea ameinama, na nyumba nzima ikanyamaza kwa ajili yake. Lakini huruma isiyo na ujuzi huweza kumdhuru yule yule ahurumiwaye. Kwa hiyo yatupasa kwanza tujue ni kitu gani hasa hufanywa, ndipo tuseme kama usiku ule mmoja wa hospitali una faida au hauna.

Kila aliyepata kusafisha kuku jikoni anaijua nyongo. Mama zetu humfundisha binti aiondoe taratibu katika ini, asiipasue, kwani ikipasuka uchungu wake huharibu nyama yote. Mwanadamu naye anao mfuko kama huo, umejificha chini ya ini. Kazi ya kutengeneza nyongo ni ya ini lenyewe. Mfuko ni ghala tu, huiweka nyongo mpaka mtu ale chakula, hasa chenye mafuta, ndipo hujikamua na kuimwaga katika utumbo. Wakati mwingine nyongo hiyo hugandamana ikawa vijiwe. Watu wengi huishi navyo miaka wasijue, na hao kwa kawaida hawana haja ya kupasuliwa. Lakini kijiwe kikiziba mlango wa mfuko, huja maumivu makali. Mfuko wenyewe huweza kuvimba na kuoza. Na kijiwe kikiteremka katika mrija mkubwa wa nyongo, macho hugeuka manjano, au kongosho huungua kwa uvimbe wa hatari. Hapo ndipo madaktari wanaposhauri mfuko utolewe pamoja na vijiwe vyake. Na katika hekima ya Mwenyezi Mungu, mtu huishi vyema bila ya ghala hilo, kwani nyongo hupita moja kwa moja kutoka katika ini mpaka katika utumbo.

Daktari wa kwanza kuutoa mfuko huo kwa upasuaji alikuwa Carl Langenbuch, katika mji wa Berlin, mwaka 1882. Kwa muda wa miaka mia moja hivi baada yake njia ilikuwa ni ile ile: kuchana tumbo kwa mkato mrefu chini ya mbavu. Mgonjwa alilala hospitali siku kadha wa kadha, na ilimchukua wiki 6 mpaka 8 kurudia kazi zake. Kisha mwaka 1985 Erich Mühe, katika mji wa Böblingen, Ujerumani, akautoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, na mwaka 1987 Philippe Mouret akafanya hivyo katika mji wa Lyon, Ufaransa. Haikupita miaka mingi njia hiyo ikaenea duniani. Nasi Waislamu tusiione fani hii kuwa ngeni kwetu, maana Abul Qasim az-Zahrawi wa Cordoba, aliyeishi zaidi ya miaka elfu iliyopita, ni miongoni mwa walioandika juu ya upasuaji na kuchora vyombo vyake mmoja mmoja ili wanafunzi wajifunze.

Sasa sikiliza jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa nusukaputi. Hutobolewa tumboni matundu madogo, kwa kawaida manne, moja likiwa karibu na kitovu. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke kama hema na wapasuaji wapate nafasi. Kamera nyembamba huingizwa katika tundu moja, na vyombo virefu katika mengine, na daktari huitazama kazi ya mikono yake katika kioo mbele yake. Mrija mdogo wa mfuko na mshipa wake wa damu hufungwa kwa vibanio, hukatwa, kisha mfuko hubanduliwa katika ini na kutolewa nje, mara nyingi kwa tundu la kitovuni. Kazi yote huchukua kiasi cha dakika 60 mpaka 90. Basi fahamu, kijana wetu, kwamba kilichokuwa kikimlaza mgonjwa wa zamani siku nyingi kitandani hakikuwa kukosa mfuko wa nyongo. Kilikuwa ni lile jeraha refu la kuufikia. Jeraha hilo leo halipo, na ndiyo sababu madaktari wakauliza: je, usiku wa hospitali bado una kazi gani?

Hawakulijibu swali hilo kwa kukisia. Waliwagawa wagonjwa makundi mawili kwa njia ya bahati, kundi moja likarudi nyumbani siku ile ile na jingine likalala hospitali usiku mmoja, kisha wakatazama yaliyowapata. Mwaka 2013 jumuiya ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya utabibu, ilitoa mapitio ya majaribio 6 ya namna hiyo, yenye wagonjwa 492. Hawakuona tofauti ya kutegemewa baina ya makundi mawili hayo katika maumivu, wala katika siku za kurudia shughuli na kazi, wala katika idadi ya waliolazimika kurudishwa hospitali. Kadhalika katika kila kundi, mgonjwa mmoja hivi kati ya watano hakuweza kutoka kwa wakati uliopangwa. Lakini uaminifu unatutaka tuongeze mambo mawili. Kwanza, majaribio hayo yalikuwa madogo, na wenyewe walioyapima walisema kuwa hayatoshi kukata shauri juu ya madhara yatokeayo kwa nadra. Pili, walioingizwa humo hawakuwa wagonjwa wa kila namna. Walikuwa ni wale walioonekana kufaa kurudi nyumbani. Vivyo hivyo mwongozo wa utabibu wa Uingereza uliotolewa mwaka 2014 unasema kuwa upasuaji huu, ukiwa umepangwa mapema, mgonjwa apewe nafasi ya kurudi siku ile ile, isipokuwa hali ya mwili wake au hali ya maisha yake ikilazimisha alazwe. Maneno haya "hali ya maisha yake" ndiyo kiini cha jibu letu.

Huenda mtu akauliza: je, usiku ule wa hospitali si ngao? Tazama hatari zenyewe, utaona. Damu ikiwa itavuja, mara nyingi dalili zake huonekana katika saa za mwanzo, na kwa sababu hiyo hata yule arudiye siku ile ile hushikwa saa kadha chini ya macho ya wauguzi kabla ya kuruhusiwa. Ama nyongo kuvuja ndani ya tumbo, au mrija mkubwa kuumia, ambayo ni mambo ya nadra lakini mazito, kwa kawaida hujulikana baada ya siku kadha. Siku hiyo hata yule aliyelala hospitali usiku mmoja amekwisha rudi kwake zamani. Basi ni nani atakayemwona wa kwanza kuwa macho yake yameanza kugeuka manjano siku ya tatu au ya tano? Si daktari wala muuguzi. Ni mtu wa nyumbani mwake. Kwa hiyo mgonjwa alale hospitali au asilale, mwishowe huwekwa mikononi mwa jamaa zake. Tofauti ni usiku mmoja tu, na swali la haki si "hospitali inamfukuza?" bali ni "nyumba iko tayari kumpokea?"

Wala fikira hii si mpya. Katika mji wa Glasgow, Scotland, daktari James Nicoll alieleza mwaka 1909 habari za watoto aliowapasua na kuwarudisha kwa mama zao siku ile ile, na jumla ya kazi hizo ilikuwa 8,988. Yeye aliona kuwa mtoto mdogo hutulia zaidi mikononi mwa mama yake kuliko katika chumba cha hospitali kati ya wageni. Lakini hakuwaacha mama hao peke yao, na alijua kuwa jambo hili hufaulu pale tu nyumba inapofaa.

Je, nyumba ifaayo ni ipi? Sharti la kwanza ni kuwa na mtu mzima, mwenye akili timamu, atakayekaa na mgonjwa usiku kucha, kwa muda wa saa 24 za mwanzo. Asiwe mtu wa kupita kuchungulia kisha aende zake. Dawa ya usingizi haitoki mwilini mara moja. Mgonjwa huweza kuona kizunguzungu akiinuka kwenda msalani, na katika siku hiyo haimfai kuendesha gari, wala kupika penye moto, wala kutia sahihi mambo mazito. Na kwa mama kama huyu, yafaa mtu huyo awe binti yake, au dada yake, au mwanamke mwingine wa karibu, ambaye mgonjwa hataona haya kumwonyesha bandeji zake. Sharti la pili ni simu, na nambari ya hospitali iliyoandikwa mahali panapoonekana. Sharti la tatu ni chombo cha kumrudisha hospitali usiku ikihitajiwa, na njia isiyo ndefu. Sharti la nne ni kuwa mgonjwa mwenyewe ameridhika.

Kwa upande mwingine, wapo ambao haki yao ni kulala hospitali, na jamaa wasione aibu kulidai jambo hilo. Nao ni mwenye maradhi ya moyo au ya kifua yasiyotulia. Mwenye kisukari kisichoshikika. Yule ambaye madaktari walilazimika kuyaacha matundu madogo na kuchana tumbo kwa njia ya zamani. Anayetapika bila kukoma. Asiyepata nafuu ya maumivu kwa vidonge. Asiyeweza kwenda haja ndogo. Na mtu aishiye peke yake. Hata yule aliyepangiwa kurudi jioni, yakimpata haya hulazwa, na huko si kushindwa. Ndiyo maana tukasema kuwa mmoja hivi kati ya watano hubaki. Basi mfungie mama mkoba wenye nguo za kulalia na mswala wake, hata kama mmeambiwa atarudi jioni.

Usiku wa kwanza, msishtuke akilalamika kuwa bega linauma, hasa la kulia, na hali bega halikuguswa. Sababu yake ni ile hewa iliyojazwa tumboni. Mabaki yake husumbua kiwambo kilicho baina ya tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hicho hupeleka maumivu yake begani. Huisha yenyewe katika siku chache. Dawa za kutuliza maumivu apewe kwa saa zake kama alivyoandikiwa, wala msingoje mpaka alie, maana maumivu yakiachwa yakue huwa magumu kuyarudisha. Ale kidogo kidogo akipenda, anywe maji, na ainuke kutembea chumbani, kwani kulala bila kujongea huleta damu kuganda katika miguu. Baadhi ya watu huharisha kidogo kwa muda wakila mafuta mengi. Basi biriani na sambusa zingoje kwanza. Asinyanyue ndoo wala mjukuu mpaka daktari amruhusu. Wengi hurudia shughuli zao za kawaida baada ya wiki mbili hivi, na hili, kama tulivyoona, halibadiliki sana kwa kulala hospitali usiku mmoja au kutolala.

Lakini zipo dalili ambazo zikionekana hazingoji asubuhi, wala hazingoji shauri la wazee kwa simu. Nazo ni hizi: maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa au kutetemeka kwa baridi, macho au ngozi kugeuka manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya mkandaa na choo kuwa cheupe, kutapika kusikokoma, jeraha kutoa damu au usaha, mguu mmoja kuvimba na kuuma, na pumzi kubana. Yaandikeni haya katika karatasi na kuibandika ukutani karibu na kitanda. Likitokea moja, mpelekeni mgonjwa hospitali saa ile ile.

Na katika ibada dini yetu ni nyepesi. Mtume (s.a.w.) alimfundisha sahaba wake Imran bin Huswain, aliyekuwa mgonjwa, kuwa asali kwa kusimama, na asipoweza basi kwa kukaa, na asipoweza basi kwa ubavu. Kwa hiyo mama asilazimishe kurukuu na kusujudu tumbo likimchoma. Akae kitini na aashirie kwa kichwa. Ama udhu, majeraha haya yako tumboni, na viungo vya udhu ni uso, mikono, kichwa na miguu, basi mara nyingi hapana shida yo yote. Ikiwa mkononi imebaki bandeji ya mahali pa sindano, au ikiwa amepasiwa na josho naye amekatazwa maji, amwulize mwanachuoni wake kabla ya siku ya kupasuliwa, kama anavyomwuliza daktari wake. Na ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa. Asijitese kwa kukataa zawadi ya Mola wake.

Neno moja kwa wageni. Kumzuru mgonjwa ni sunna tukufu, na ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Lakini desturi yetu ya kujaa ukumbini, watu ishirini na watoto wao, na chai ikapikwa mara nne, humfanya mgonjwa kuwa mwenyeji. Aliyetoka kupasuliwa asubuhi hawezi kuwa mwenyeji jioni. Wageni na waje siku ya tatu, wawili wawili, waombe dua, waache chungu cha supu jikoni, waondoke. Na hapa ndipo hospitali ilipokuwa ikiishinda nyumba: ilikuwa na saa za wageni. Nyumba nayo na iwe nazo.

Nanyi wasomaji wetu mlioko Tanzania, Kenya na kwingineko Afrika Mashariki, msiichukue hukumu ya Uingereza kama ilivyo na kuivika nyumba zenu. Aishiye dakika chache kutoka hospitali iliyo na wapasuaji usiku na mchana, hali yake ni moja. Na aliyesafiri saa nyingi kutoka shamba kuja kupasuliwa mjini, hali yake ni nyingine. Huyu wa pili, hata akiwa na afya njema, usiku mmoja wa hospitali kisha siku kadha kwa jamaa aliye karibu ni busara, kwani kinachotazamwa ni umbali wa msaada. Tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na kila mtu amjue ngamia wake.

Turudi kwako, mwanangu uliyetuandikia. Kumkubalia mama yako arudi siku ile ile si kumpuuza. Kumpuuza ni kumchukua nyumbani, ukamlaza chumbani, kisha ukaenda kazini asubuhi yake na kumwachia simu mkononi. Ikiwa waweza kuomba ruhusa kazini siku hizo za mwanzo, na dada yako aweza kulala chumbani mwake, na madaktari wameona kuwa anafaa, basi mrudishe kwa moyo mkunjufu, naye atalala katika kitanda chake na kuusikia wakati wa alfajiri nyumbani mwake. Na ikiwa huna mtu wa kukaa naye, usione haya. Waambie madaktari waziwazi kabla ya siku yenyewe, wamlaze. Katika njia zote mbili umetenda wema, maadamu umesema kweli juu ya hali ya nyumba yako. Na mama zako wadogo wapigie simu tena, uwasomee maelezo haya kwa adabu, uwaombe dua zao. Kwani hasira yao ilikuwa ni mapenzi yaliyokosa habari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye mama yetu huyu na wagonjwa wote wa Kiislamu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie watoto wanaowajua wazazi wao siku ya afya na siku ya ugonjwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.